Kutoka saba saba hadi droni ya dola 500

Wazee wa Masaka na Mbarara wakitaja saba saba hawazungumzii sikukuu ya majirani zetu wa Tanzania. Wanazungumzia mtambo wa kurusha maroketi uliobebwa juu ya lori, ambao majeshi ya Tanzania yaliingia nao nchini mwaka 1979 pamoja na wapiganaji wa Uganda waliokuwa uhamishoni, na ambao mngurumo wake uliwavunja moyo askari wengi wa Idi Amin hata kabla hawajamwona adui. Silaha ile ilitisha, lakini ilikuwa silaha ya dola. Aliyetaka kuwa nayo alihitaji lori zito na barabara ya kulipitisha, bohari ya maroketi, wapigaji waliofunzwa, na serikali rafiki ng'ambo iliyokubali kumuuzia. Mtu mwenye hasira na fedha kidogo hakuweza kuiunda uani kwake.

Droni ndogo inayotumika vitani leo huundwa juu ya meza. Ina mota nne, fremu nyepesi, betri, kamera na redio, na rubani wake huketi mbali akiwa amevaa miwani inayomwonyesha kile ambacho kamera inakiona, hivyo huiongoza hadi kwenye shabaha kana kwamba yumo ndani yake. Chini yake hufungwa kichwa cha roketi ya begani, kitu ambacho hakuna jeshi la ukanda huu lisilokuwa nacho ghalani. Nchini Ukraine, ambako droni za aina hiyo zimetumika kuliko mahali pengine popote, moja imekuwa ikigharimu kati ya dola 400 na 500. Hapa Kampala fedha hizo hazifiki hata nusu ya bei ya bodaboda mpya.

Ulinganisho huo wa bodaboda una maana yake. Bodaboda haikulishinda basi kwa ubora: haibebi watu wengi, haikingi mvua, na tunajua wodi za mifupa za hospitali zetu zimejaa nani. Ilishinda kwa sababu ilikuwa rahisi kununua, rahisi kutengeneza, na ikawa kila mahali. Jiji lilipokuja kushtuka, barabara zote zilikuwa zimekwisha kupangwa upya kwa kuifuata. Ndivyo droni inavyoipanga upya medani ya vita, na ndiyo maana mjadala unaoishia kwenye swali la kama droni ni bora kuliko kifaru au ndege ya kivita naona hauendi mbali.

Hata hivyo hesabu haikwepeki, hasa kwa nchi yetu. Mwaka 2011 Uganda ilitumia dola milioni 740 kununua ndege 6 za kivita aina ya Sukhoi Su-30MK2 kutoka Urusi pamoja na zana nyingine, fedha zilizochotwa Benki Kuu kabla Bunge halijaziidhinisha. Kwa bei ya dola 500, kiasi hicho kingenunua droni 1,480,000. Ukraine nzima, nchi iliyoelekeza viwanda na karakana zake kwenye kazi hiyo usiku na mchana, ilitengeneza zaidi ya milioni moja mwaka 2024. Nimesikia hesabu za namna hii zikitolewa kwenye meza za chakula na hata redioni kama ushahidi kwamba tulipunjwa. Huenda tulipunjwa, lakini si kwa hesabu hiyo. Sukhoi huruka mamia ya kilomita ikiwa imebeba tani za mabomu na kurudi nyumbani, ilhali droni ya dola 500 hubeba kilo moja au mbili, huishia kilomita 10 hadi 20, na hairudi. Zaidi ya hapo, droni nyingi hazifiki kabisa. Nyingine huvurugiwa mawimbi ya redio zikapoteza njia, nyingine huishiwa betri kwa sababu ya upepo au baridi, nyingine hugonga mti, na nyingine hufika salama lakini baruti ikakataa kulipuka. Kwa hiyo bei ya kuiharibu shabaha moja ni bei ya droni kadhaa, pamoja na rubani aliyefunzwa kwa wiki nyingi, pamoja na droni nyingine ya juu inayomwonyesha njia.

Urahisi wa droni unauma zaidi upande wa anayejilinda. Droni ya masafa marefu iitwayo Shahed, iliyobuniwa Iran na ambayo sasa Urusi inaitengeneza yenyewe, inakadiriwa kugharimu dola 20,000 hadi 50,000. Injini yake hulia kama pikipiki, kiasi kwamba raia wa Ukraine huziita hivyo hivyo, pikipiki. Kombora moja la mfumo wa Patriot linaloweza kuiangusha hugharimu karibu dola milioni 4. Mwezi Septemba 2025, droni za Urusi zipatazo 19 zilipoingia anga ya Poland, ndege za kivita za muungano wa NATO, zikiwemo F-35, ndizo zilizorushwa kwenda kuziangusha. Zile zilizofikiwa ziliangushwa, lakini anayeweza kutuma 20 kila usiku kwa mwezi mzima hahitaji hata moja ifike. Anahitaji tu mwenzake aendelee kufyatua makombora ya mamilioni hadi ghala liwe tupu.

Niseme sasa lile ninaloliona kuwa zito kuliko bei. Askari wa miguu tangu zamani aliishi kwa kujificha. Alijua kwamba mstari wa mbele ni hatari, na kwamba akirudi nyuma kilomita 5 anaweza kuvua viatu, kupika, kuandika barua na kumpakia majeruhi kwenye gari. Droni imeufuta huo mstari. Katika mashariki ya Ukraine, eneo la kilomita 15 hadi 20 kutoka mahali majeshi yanapokutana limekuwa eneo ambalo gari lolote linaloonekana mchana huwindwa. Chakula na risasi hupelekwa kwa miguu au kwa droni nyingine. Majeruhi husubiri kwa saa nyingi, wakati mwingine kwa siku kadhaa, kwa sababu gari la kumchukua ndilo litakalopigwa kwanza. Barabara zimefunikwa nyavu, zikiwemo nyavu za wavuvi zilizotumika, kwa umbali wa kilomita nyingi ili panga za droni zinase. Vifaru vilivyogharimu mamilioni vimefungiwa vizimba vya chuma juu yake, au vimefichwa nyuma na kutumika kama mizinga. Na mashambulizi ambayo zamani yangefanywa na kikosi kizima sasa hufanywa na watu wawili au watatu wanaonyemelea, maana kundi kubwa haliwezi kukusanyika bila kuonekana.

Majeshi yalipojifunza kuvuruga mawimbi ya redio ya droni, jibu halikukawia: droni inayoburuta nyuma yake uzi mwembamba wa mkongo, kama ule unaotuletea intaneti, ambao hauwezi kuvurugwa kwa sababu hautumii mawimbi. Picha za mashamba ya ngano yaliyotandazwa nyuzi hizo zinazometa kama utando wa buibui nazihesabu kati ya picha za ajabu kabisa za vita hii.

Askari wa Uganda hawapo Ukraine. Lakini wapo Somalia tangu Machi 2007, wapo mashariki ya Kongo tangu Novemba 2021 katika Operesheni Shujaa dhidi ya ADF, kundi la waasi lenye asili ya Uganda, na mwaka 2025 vikosi maalumu vilipelekwa Juba. Wengi wao hukaa kwenye kambi za mbali zinazotegemea misafara ya magari. Tarehe 26 Mei 2023, kambi ya Buulo Mareer katika Shabelle ya Chini ilivamiwa na Al-Shabaab, na Rais Museveni mwenyewe alitangaza kwamba wanajeshi 54 waliuawa. Wavamizi walikuja kwa magari ya mabomu na kwa miguu, yaani kwa mbinu za zamani kabisa. Kambi ya namna hiyo imejengwa kumzuia adui wa ardhini: ukuta wa mchanga, seng'enge, mnara wa mlinzi, bunduki nzito zilizoelekezwa nje. Haina paa. Anayeitazama kwa kamera kutoka mita 300 juu anajua jiko liko wapi, kamanda analala hema lipi, mafuta yamewekwa kona ipi, na zamu ya ulinzi inabadilishwa saa ngapi. Hata asiporusha bomu, tayari amekwisha kupata nusu ya alichokuwa akikihitaji. Ni kweli pia kwamba jicho kama hilo hilo, likiwa mikononi mwetu na likiwa na mtu aliye macho nyuma yake, lingeweza kuona kundi la mamia ya wapiganaji likijikusanya usiku. Naamini kila kambi ndogo iliyo mbali inapaswa kuwa na jicho lake yenyewe, badala ya kusubiri ndege ya mshirika mkubwa ambaye ana ratiba na vipaumbele vyake.

Afrika yenyewe imekwisha kuwa uwanja wa droni, ingawa kwa muda mrefu zilikuwa za aina kubwa zinazohitaji uwanja wa kurukia. Katika vita vya Tigray, serikali ya Ethiopia ilitumia droni zilizotoka Uturuki, Iran na Falme za Kiarabu, na zilichangia sana kuvunja mwendo wa wapiganaji wa Tigray waliokuwa wakielekea Addis Ababa mwishoni mwa mwaka 2021. Wiki chache baadaye, tarehe 7 Januari 2022, shambulio la droni lilipiga kambi ya wakimbizi wa ndani huko Dedebit na kuua zaidi ya watu 50. Nchini Sudan, mji wa Port Sudan ulikuwa kimbilio la serikali, la mashirika ya misaada na la maelfu ya familia, kwa sababu tu ulikuwa mbali, mamia ya kilomita kutoka mapigano. Kuanzia tarehe 4 Mei 2025 droni za RSF, kikosi cha wanamgambo kinachopigana na jeshi la Sudan, ziliupiga kwa siku kadhaa mfululizo, zikalenga uwanja wa ndege na matangi ya mafuta. Septemba mwaka huo huo msikiti wa El Fasher ulipigwa wakati wa sala ya alfajiri, na zaidi ya watu 70 wakafa. Wakimbizi wa Sudan waliopo Kiryandongo, hapa Uganda, hawahitaji mchambuzi awaeleze maana ya neno umbali katika vita vya sasa.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wale wanaosema kwamba droni hufanya vita kuwa safi kwa kuwa huona vizuri kabla ya kupiga. Kuona ni jambo moja na kujali ni jingine. Rubani wa ndege ya kivita huhatarisha uhai wake, na serikali yake huhatarisha ndege na aibu. Mwaka 2012 tulipoteza helikopta tatu za Mi-24 kwenye Mlima Kenya zikiwa njiani kwenda Somalia, na taifa zima lilijua na likauliza maswali. Droni ikianguka hakuna mazishi. Palipo na gharama ndogo ya kushambulia, mashambulizi huongezeka, na kila upande hupata nafasi ya kukana kwamba ni wake.

Kongo inafundisha jambo jingine. Serikali ya Kinshasa ilinunua droni kubwa za CH-4 kutoka China mwaka 2023 na kuziweka katika uwanja wa Kavumu karibu na Bukavu. Mwishoni mwa Januari 2025 Goma ilikuwa mikononi mwa waasi wa M23, na katikati ya Februari Kavumu yenyewe ilitekwa. Silaha inayohitaji uwanja wa kurukia huenda na uwanja. Wala tusisahau kwamba ilikuwa Goma hiyo hiyo, Desemba 2013, ambako Umoja wa Mataifa ulirusha kwa mara ya kwanza droni zake za upelelezi. Anga ya Kivu imeangaliwa na kamera kwa zaidi ya miaka kumi, na waasi hawakukoma.

Sababu mojawapo ni msitu. Nyanda za Ukraine ni tambarare zenye mistari myembamba ya miti, na mwenye kamera huona mbali. Ituri na Kivu ya Kaskazini zina miti inayofunika anga, ukungu wa asubuhi na mvua za alasiri, na ADF wamejifunza kutembea kwa makundi madogo chini ya kivuli hicho, bila simu, wakipika mahali moshi unapotawanyika majanini. Kamera ya joto hupofuka juu ya majani mazito, na mawimbi ya redio hufifia kati ya mashina. Anayetaka kutuuzia droni kwa picha za Ukraine azijaribu kwanza katika msitu wa Semuliki mwezi wa Novemba. Lakini msitu haumlindi raia kama unavyomlinda mwasi. Vijiji, mashule, masoko na barabara viko wazi. Waliovamia shule ya sekondari ya Lhubiriha huko Mpondwe usiku wa tarehe 16 Juni 2023 na kuua zaidi ya watu 40, wengi wao wanafunzi, walivuka mpaka kwa miguu na kurudi walikotoka wakiwa na mateka. Nikiifikiria droni mikononi mwa kundi kama hilo, siifikirii ikipambana na kambi ya jeshi letu, UPDF. Naifikiria ikielea juu ya barabara ya Kasese ikisubiri lori la askari lipite, ili wanaovuka wavuke salama.

Uganda imekwisha kuona mara moja silaha ya bei nafuu ikivuka kutoka ghala la dola kwenda mikononi mwa watu. Mwaka 1979 askari wa Amin walipokimbia kambi ya Moroto, wapiganaji wa Karamoja waliingia ghalani wakachukua bunduki na risasi. Wizi wa ng'ombe ulikuwepo kwa vizazi, ukiwa na mikuki, taratibu na wazee wa kuamua. Bunduki haikuanzisha ugomvi mpya. Ilibadilisha tu idadi ya maiti baada ya kila ugomvi, na ikampa kijana wa miaka 18 nguvu ambayo mzee hakuwa na jibu lake. Serikali ilianza kampeni ya kukusanya bunduki hizo mwaka 2001, ikairudia mwaka 2006, na mwaka 2021 ikalazimika kuanza tena. Zaidi ya miaka 40 imepita kutoka ghala moja kuvunjwa. Na bunduki ya Moroto ilikuwa na namba, ilikuwa chuma kizito, ilihitaji risasi. Droni huingia nchini ikiwa vipande: mota kwenye sanduku moja, betri kwenye jingine, na kila kipande kina matumizi halali ya kumweleza ofisa wa forodha.

Jibu letu mpaka sasa limekuwa kufuli. Anayetaka kuleta droni nchini, hata ya kupigia picha za harusi, hutakiwa kupata kibali cha usalama cha wizara ya ulinzi pamoja na idhini ya mamlaka ya usafiri wa anga. Naelewa hofu iliyozaa utaratibu huo, na sipendekezi ufutwe. Ninachoona ni kwamba kufuli hilo linamzuia zaidi mtu mwaminifu, maana mwenye nia mbaya haji dirishani kuomba fomu, na linatunyima kile kile ambacho vita vya droni vinakihitaji kuliko fedha, yaani mafundi. Watu wengi wanadhani siri ya Ukraine ni viwanda. Viwanda vipo, lakini uhai wake uko katika karakana ndogo zilizo karibu na medani, ambako kijana aliyekuwa akitengeneza simu hubadilisha antena leo kwa sababu jana adui alibadilisha masafa. Droni iliyonunuliwa kwa mkataba wa miaka mitatu hufika ikiwa imepitwa na wakati.

Urahisi wenyewe pia una mwenye nao. Mota, betri, kamera na vidhibiti vya droni nyingi duniani hutoka China, na kuanzia Septemba 2023 China iliweka masharti ya kuuza nje baadhi ya droni na vifaa vyake. Nchi inayojenga ulinzi wake juu ya vipande vya dola 20 kutoka Shenzhen inapaswa kujiuliza itafanya nini siku ambayo muuzaji atafunga mlango. Hatutatengeneza mota kesho. Lakini kusokota nyaya za mota, kuunganisha seli za betri, kuandika programu ya kuongozea na kutengeneza kifaa cha kusikia mawimbi ya droni inayokaribia ni kazi zinazowezekana hapa, na tuna ushahidi kwamba Waganda wanaweza kuendesha vyombo hivi: mwaka 2021 droni zilianza kupeleka dawa za kupunguza makali ya VVU katika visiwa vya Kalangala, juu ya maji ambayo boti huogopa siku za dhoruba.

Kama ningekuwa na nafasi ya kuuliza swali moja wakati bajeti ya ulinzi inaposomwa Juni, nisingeuliza tumenunua droni ngapi. Jibu lake litafichwa katika fungu la matumizi ya siri, na hata likitolewa halitanieleza lolote. Ningeuliza ni vijana wangapi wamefunzwa kuzitengeneza zikivunjika, na ni kambi ngapi kati ya zile za Somalia na Kongo zina mtu mmoja anayeweza kutambua kwa kifaa, kabla ya kuisikia kwa masikio, droni iliyo juu ya kichwa chake. Katika jengo la Mutaasa Kafeero, katikati ya Kampala, kuna mafundi wanaounganisha nyaya nyembamba kuliko unywele chini ya kioo cha kukuzia, siku nzima, kwa malipo yasiyozidi bei ya chakula cha mchana kwa kila simu. Hakuna hata mmoja wao anayeruhusiwa kuagiza droni bila kibali cha usalama.